Kisu cha Mfukoni na Kisu cha Kambini: Chagua Usije Ukajuta

Kila likizo ikikaribia maswali huwa yale yale. "Kaka, ninunue kisu gani cha kwenda nacho kambini?" "Hiki cha sentimita ishirini kinafaa?" "Mbona changu ni kipya na hakikati hata nyanya?" Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu ndani ya gari, nimeyajibu nikiwa nimekalia jiwe namenya viazi vya watu kumi na wanane. Leo nayaandika yote kwa pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa nami niendelee na viazi vyangu.

Jibu langu fupi huwaudhi wengi: kisu unachokihitaji ni kidogo kuliko unachokiwaza, na pesa ya kinoo itengwe kabla ya pesa ya kisu.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Kisu changu cha kwanza kilikuwa kile cha komando: meno mgongoni, dira kwenye kitako, na mpini ulio wazi ndani kama bomba, umewekwa njiti za kiberiti na ndoana. Nilikwenda nacho Lushoto. Usiku wa kwanza nikakigongea kwenye kuni, bapa likaruka upande wake, mimi nikabaki na mpini mkononi na dira ikionyesha kaskazini. Ugali wa usiku ule ulipikwa kwa kuni zilizopasuliwa na panga la bibi wa nyumba ya jirani, ambaye alicheka mpaka akakaa chini.

Tukubaliane majina kwanza. Bapa ni chuma chote kinachoonekana. Makali ni upande unaokata, mgongo ni upande wa pili ulio butu. Msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Huuoni, lakini ndio uliokosekana kule Lushoto. Ala ni nyumba ya kisu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda dukani

- Karatasi na kalamu, kwa ajili ya hatua ya kwanza.
- Rula au futi. Vipimo vinavyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi huhesabu na mpini.
- Kipande cha gazeti na kitambaa kilicholowa maji. Utaiona kazi yake.
- Kinoo chenye pande mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Ukikikosa, duka la vifaa vya ujenzi litakuuzia msasa wa maji, namba 400 na namba 1000. Ukiulaza juu ya kipande cha kioo unanoa vizuri kabisa.
- Mkanda wa zamani wa ngozi.
- Mafuta kidogo: ya cherehani kwa kisu kisichogusa chakula, ya kula kwa kinachogusa.

Hatua kwa hatua

1. Andika ulichokata mwezi uliopita. Usiandike unachotarajia kukata. Andika ulichokata kweli. Kamba ya katani. Mkanda wa boksi. Chungwa. Mfuko wa saruji. Ncha ya penseli ya mtoto. Kwa kambini ongeza: vitunguu, nyama, vijiti vya kuwashia moto, vigingi vya hema. Karibu kila orodha niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa na kazi za bapa la sentimita nane, na hakuna iliyokuwa na nyati.

2. Gawa kazi kwa vyombo, usigawe kisu kwa kazi. Hakuna kisu kimoja kinachomenya kitunguu saumu na kuangusha mti. Anayekitafuta huishia na kizito mno kwa jiko na chepesi mno kwa kuni. Ninavyopanga mimi ni hivi: kidogo cha kukunja kinakaa mfukoni siku zote, cha kati kisichokunja kinakaa kwenye begi la kambi, na panga kwa kuni na kufyeka. Kama fedha inatosha kimoja tu, chukua cha kati ikiwa wewe ni mtu wa porini, cha kukunja ikiwa wewe ni mtu wa mjini. Panga utaliazima. Hakuna kijiji kisicho na panga.

3. Cha kukunja au kisichokunja? Cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndicho udhaifu wake: kinaingia mchanga, kinalegea, na kama hakina kufuli kinaweza kukufungia vidole. Kwa chungwa na kamba hilo si tatizo. Kwa kuchonga kijiti kigumu au kuchuna mbuzi, chukua kisichokunja.

Mifano mitatu inayojulikana dunia nzima itakusaidia kupima vingine. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza 1890, ina mpini wa mbao na pete ya kuzungusha inayofunga bapa. Pete hiyo iliongezwa 1955. Namba 8 yake ina bapa la sentimita 8.5 na ndiyo saizi ninayowashauri wengi. Victorinox ya Uswisi, kile chekundu chenye msalaba mweupe, ina urefu wa milimita 91 kikiwa kimefungwa na haina kufuli kwenye saizi hiyo, lakini ina kifungua kopo, na aina nyingine zina mkasi, ambavyo utavitumia kuliko bapa lenyewe. Kisichokunja ni Morakniv kutoka mji wa Mora, Sweden. Ule aina ya Companion una bapa la takriban sentimita 10.4, na unene wa milimita 2.5 kwenye toleo la kawaida. Si lazima ununue hivi. Ukikutana na kisu usichokijua, kiulize: kinatofautiana vipi na hivi vitatu, na kwa nini?

4. Pima urefu na unene. Mfukoni, sentimita 6 hadi 9. Kambini, 9 hadi 12. Unene wa mgongo uwe milimita 2 hadi 3. Watu husahau unene, na ndio unaoamua kama kisu kinakata au kinapasua tu. Kisu cha milimita 5 hakikati karoti. Kinaivunja kama kabari. Panga la kawaida la shambani, refu kiasi cha inchi 18, huwa na unene wa milimita 2 au 3 tu, na linafanya kazi kwa sababu linapata nguvu kwenye mwendo wa mkono.

5. Chagua chuma kwa kuangalia unakoishi. Hapa nitatulia kidogo, maana ndipo wauzaji wanapotupiga.

Kuna makundi mawili. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, hushika makali, na hushika kutu ukikigeuzia mgongo. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromu, asilimia 10.5 au zaidi, nacho huvumilia uzembe. Ukiwa Tanga, Lamu, Unguja au mahali popote chumvi inapoelea hewani, chukua kisichoshika kutu bila kujadiliana. Hata hicho suuza kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka kuvua, kwa sababu jina lake limetiwa chumvi: baharini nacho kinaota madoa. Ukiwa Iringa, Nanyuki au Arusha, na una tabia ya kufuta kisu baada ya kazi, kaboni itakufurahisha. Usishtuke kikigeuka rangi ya kijivu au buluu baada ya kukata limau au mgomba. Hiyo si kutu, ni koti linalokikinga. Kutu ni nyekundu na inakwaruza.

Na visu vya wahunzi wetu? Vingi hufuliwa kwa springi za gari, na springi ni chuma kizuri cha kaboni. Kinachotofautisha ni moto na maji: mhunzi hodari hukipasha na kukizamisha akijua anachofanya, mwingine hukata kwa mashine, akang'arisha, akauza. Njia ya kuwatambua ni tupa. Omba ruhusa, kisha pitisha tupa polepole karibu na mpini kwenye makali. Ikila chuma kama sabuni, kisu hicho kitakuwa butu kabla hujamaliza gunia la viazi. Ikipata taabu, ikikwaruza kwa shida, mlipe mhunzi na uchukue namba yake ya simu. Panga ni tofauti: panga linatakiwa likubali tupa, maana ndivyo linavyonolewa shambani.

Maandishi "STAINLESS STEEL" peke yake hayakuambii kitu. Sufuria nayo imeandikwa hivyo. Mtengenezaji anayejiamini hutaja aina, kama 12C27, 1095 au 440C.

6. Shika mpini kwa mkono uliolowa. Lowesha kiganja kwa kile kitambaa, ukikaze kisu huku kikiwa ndani ya ala, ukisukume na kukizungusha. Mpini ukiteleza dukani, utateleza zaidi ukiwa na mafuta ya mbuzi. Mpini wa mpingo ni mzuri kwa macho na hauozi, ila ukisuguliwa mpaka ung'ae unakuwa kama samaki. Usugue kidogo kwa msasa. Kati ya mpini na bapa pawe na kizuizi, hata kama ni kivimbe tu, kisiache vidole vikapanda kwenye makali. Mpini wenye mabonde manne ya vidole unapendeza kama vidole vyako ni vya yule aliyeuchonga.

7. Kikague kama unakagua ng'ombe mnadani. Kiinue usawa wa jicho utazame kuanzia kitakoni hadi nchani: mgongo umenyooka? Yatazame makali chini ya taa; makali mazuri hayaonekani, na ukiona mstari au vitone vinavyong'aa, hapo ni butu au pamemeguka. Kata gazeti kwa kuvuta, usichane. Kama ni cha kukunja, kifungue, kifunge kufuli, kisha bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikijifunga, kirudishe kabatini. Kitikise upande kwa upande. Bapa likicheza leo litacheza zaidi kesho.

Kama hakikunji, muulize muuzaji msuka umefika wapi. Ukiona chuma kimepita kati ya vipande viwili vya mpini mpaka kitakoni na kimepigwa ribiti mbili tatu, huo ndio imara kuliko yote. Msuka mfupi uliozamishwa kwenye plastiki ngumu si mbaya kwa kazi za jikoni na kuchonga; usiugongee tu. Mpini uliofungwa kwa skrubu kwenye shingo ya bapa, muage muuzaji kwa heshima.

Ala nayo ni sehemu ya kisu. Igeuze kichwa chini uitikise taratibu juu ya meza. Kisu kikidondoka, siku moja kitadondoka juu ya mguu wako ukiruka mfereji.

8. Fikiria njia utakayopita, si mwisho wa safari tu. Kisu ni chombo porini, ni silaha getini. Ndege: kiingie kwenye begi linalokwenda chini, kamwe si la mkononi. Treni ya SGR, iwe ya Nairobi kwenda Mombasa au ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, mizigo hupitishwa kwenye mashine, na kisu kitakuchelewesha au kitabaki. Maduka makubwa ya Nairobi yana upekuzi mlangoni, ambao uliongezeka sana baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013. Kwenye hifadhi za taifa waeleze askari wa getini mapema ulichonacho. Panga kwenye buti la gari bila maelezo linafanana sana na la jangili.

Mjini usikining'inize kiunoni. Hata kama sheria haikugusi, unawatia watu hofu bure, na mkutanoni, uwanjani au kwenye maandamano usikibebe kabisa. Ndugu mlio Uingereza, kwenu ni kali zaidi: bila sababu ya msingi, mnaruhusiwa kutembea hadharani na cha kukunja tu, makali yasiyozidi inchi 3, na kisiwe na kufuli. Maana yake Opinel namba 8 inabaki nyumbani.

9. Kinoe kabla ya safari. Visu vingi vya dukani huja na makali ya haraka haraka. Lowesha kinoo. Simamisha bapa wima juu yake, lilaze nusu, kisha nusu ya ile nusu: hapo una pembe ya kama digrii 22, inatosha. Sukuma kama unataka kubandua ngozi nyembamba ya kinoo, kuanzia shinani hadi nchani, pembe isibadilike. Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea nje, usikie kijikunjo chembamba cha chuma kimejitokeza urefu wote. Watu hushindwa hapa kwa sababu huacha kabla ya kijikunjo. Geuza, fanya vivyo hivyo. Hamia upande laini, punguza nguvu kadiri unavyoendelea, halafu malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta mgongo ukitangulia, kama vinyozi wa zamani na nyembe zao. Panga liachie pembe kubwa kidogo, la sivyo litameguka kwenye fundo la kwanza.

Mgema hapandi mnazi na kotama, kile kisu chake cha kugemea, ikiwa butu. Anabandua ubale mwembamba kama karatasi kwenye kilele cha kole, lile shina la ua la mnazi, na kotama ikichana badala ya kukata, tembo, yaani pombe ya mnazi, linapungua. Ukitaka kuona kisu kinachotunzwa, usiende dukani, tazama kiunoni mwa mgema.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua sime kwa kazi za kambi. Sime ni chombo cha heshima cha Wamaasai, ala yake nyekundu inavutia, na kila mtalii anaitaka. Lakini ina makali pande zote mbili. Huwezi kuweka dole gumba mgongoni ukachonga kijiti, kwa sababu haina mgongo.

Kupenda meno ya msumeno mgongoni. Hayakati mti, yanachana ala na kidole.

Kufungulia kopo au kukazia skrubu kwa ncha ya kisu. Ncha ikivunjika hairudi.

Kukata kuelekea paja. Ukikaa kuchonga, weka viwiko juu ya magoti na kazi yote iwe mbele ya magoti. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, na porini hospitali iko mbali.

Kumpa kila anayepita na baiskeli ya kunolea bila kumtazama. Wengi wanajua kazi yao na jiwe lao huenda taratibu. Wa kuogopa ni mwenye mashine ya umeme ya kasi asiyetumia maji: cheche zinapendeza, makali yanageuka buluu, na buluu hiyo maana yake chuma kimepata moto wa karibu digrii 300 na kimelainika pale pale unapokihitaji.

Kikikusumbua

*Nimenoa saa nzima bado butu.* Paka makali wino wa kalamu nene, pitisha mara mbili kwenye kinoo, tazama wino ulipotoka. Ukitoka juu karibu na mgongo, umelaza mno. Ukitoka kwenye ncha kabisa ya makali tu, umesimamisha mno. Morakniv ni rahisi: makali yake yana mteremko mpana wa kunolea, ulaze tu mteremko huo kwenye kinoo usukume.

*Kinakata karatasi lakini kinateleza kwenye nyanya.* Umeyasugua makali kwenye upande laini wa kinoo kupita kiasi. Kirudishe kwenye upande wa kukwaruza mara tatu nne. Ngozi ya nyanya inapenda makali yenye meno madogo.

*Opinel imevimba na haifunguki.* Mbao imekunywa maji. Shika mpini, gonga kitako chake kwenye kitu kigumu, na bapa litajitokeza kidogo. Kikifunguka, kianike kivulini siku mbili, kisha upake mpini mafuta ya kitani. Usikiweke juani wala juu ya jiko.

*Kutu nyekundu imeota.* Majivu ya mkaa na maji kidogo, sugua kwa kitambaa, kausha, paka mafuta. Na kitoe kwenye ala ya ngozi ukikihifadhi, maana ngozi hushika unyevu.

*Kiungo kimejaa mchanga.* Maji ya moto na sabuni, fungua na funga mara nyingi ndani ya maji, kausha, tone moja la mafuta. Tone moja, si kijiko. Mafuta mengi yanaita mchanga mwingine.

*Mpini wa panga unacheza.* Ribiti zimelegea. Liweke juu ya chuma kizito, uzigonge kwa nyundo taratibu pande zote mbili. Mpaka uzirekebishe, usilitumie watu wakiwa karibu.

*Nimejikata.* Bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, inua mkono juu ya moyo. Jeraha likiwa wazi, kidole kikifa ganzi au kikigoma kukunjika, nenda hospitali, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda hata kama kisu kilikuwa kinang'aa.

*Kimepotea kwenye majani.* Ndiyo maana nafunga utepe mwekundu kwenye kila mpini siku hizi. Changu cha kijani kiko mahali fulani ndani ya msitu wa Magamba. Ukikiokota, kitakuwa kinahitaji kunolewa.